Safu ya Ushauri: "Mwalimu, kwa nini ulisimama upande ule?"

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa upigaji picha katika chuo kimoja cha sanaa. Nina miaka 46. Nakuandikia usiku, kwa sababu nikilifikiria jambo hili mchana najikuta nimeanza kujitetea, na sitaki kukutumia utetezi.

Kwa miaka 11 sasa, kila likizo nafunga begi, nachukua kamera na kwenda bondeni. Ni bonde refu lenye mto katikati na vijiji kwenye miteremko ya pande zote mbili, na asubuhi ukungu wake hauondoki mpaka jua lipande kisawasawa. Nilizaliwa huko. Tuliondoka nikiwa na miaka 9, baba alipopata kazi mjini, na nyumba ya babu tuliyoiacha ilianguka yenyewe, ukuta mmoja baada ya mwingine. Niliporudi na kamera miaka mingi baadaye nilikuta kizingiti tu. Kwa hiyo mimi si mgeni bonde langu, ingawa watoto wa huko hawanijui na huniita "yule wa kamera".

Nimeupiga mto ukiwa umefurika, nikaupiga ukiwa mawe matupu. Nimepiga njia za miguu zilizomezwa na majani, wazee wakishuka na mizigo, na milango yenye kufuli ambayo mwaka hadi mwaka naikuta vilevile. Kazi yote nimeiita Waliobaki, kwa sababu vijana wameondoka na wazee ndio waliobaki. Mwaka huu mchapishaji mmoja mdogo amekubali kuitoa kitabu. Nimelisubiri hili tangu nianze kazi.

Picha wanayoitaka kwenye jalada niliipiga miaka minne iliyopita. Bibi mmoja ameketi kwenye kizingiti cha nyumba iliyobomoka. Jua la jioni linamwangazia ubavu mmoja, mikono imelala magotini, nyuma yake mlango ni giza tupu. Mhariri alipoiona alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapa kitabu chote kimeshasemwa." Nami niliamini hivyo.

Muhula uliopita niliionyesha darasani nikifundisha mwanga wa pembeni. Binti mmoja wa mwaka wa pili, mtulivu, asiyesema mpaka aulizwe, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, huyo ni bibi yangu." Wenzake wakacheka, wakidhani anatania. Akaendelea kwa sauti ileile: "Hapo ni kwenye ghala la zamani. Tulikuwa tunalibomoa, tunataka mawe yake. Bibi alikaa hapo kupumzika. Nyumba ilikuwa nyuma yako, Mwalimu." Kisha akauliza, bila kejeli yoyote, "Kwa nini ulisimama upande ule?"

Nilimjibu habari za jua. Nikamweleza kwamba ningesimama upande mwingine mwanga ungeingia kwenye lenzi. Ni kweli, ungeingia. Lakini Mshauri, mimi ni mwalimu wa fani hii, najua mtu anapotumia jua kama kisingizio.

Wiki chache baadaye nilitoa zoezi: mpige mtu unayemfahamu, mahali pake. Yule binti alileta picha ya bibi yake, ameipiga kwa simu. Bibi amesimama uani, ameishika simu yake mbali na macho ili aone tarakimu, anacheka hadi mabega yamepanda. Nyuma yake kuna nyumba yenye bati jipya. Kwa mbali, pembeni kabisa mwa fremu, yale mawe ya ghala yamepangwa vizuri. Upeo umeinama, mkono umetikisika. Nilimpa alama 54. Hili sijamwambia mtu yeyote: nilipokuwa naandika ile 54 nilijua kwamba picha ile inaishi kuliko zangu nyingi.

Baada ya hapo nilisafiri hadi bondeni, siku nzima kwa basi, nikamwonyesha bibi picha ya jalada kwenye simu yangu. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Tumia tu mwanangu, mwalimu wa mjukuu wangu hawezi kunifanyia baya." Tulikaa kama nusu saa, basi likawa linaondoka. Nilirudi na moyo mwepesi. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mjomba wa yule binti. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, kwa heshima zote, mama yetu si gofu."

Mhariri ananitaka niseme ndiyo au hapana kabla ya mwezi kuisha. Anasema nikiiondoa picha hiyo itabidi jalada lianze upya, na huenda kitabu kikasogezwa mwaka mzima. Nikiuliza wenzangu kazini wananiambia bibi mwenyewe ameridhia, yamekwisha. Mke wangu anasema nimuulize binti. Mimi naona aibu kumuuliza binti.

Je, nimewakosea? Au ninawaacha watu wengine wanipokonye picha bora niliyowahi kupiga, tena iliyopigwa kwa nia njema? Nimeshindwa hata kushika kamera tangu mwezi uliopita.

Mwalimu wa Kamera

JIBU

Marahaba, mwalimu. Pole kwa usiku huo, na asante kwa kutoificha ile 54. Ungeweza kabisa kuniandikia barua hii bila kuitaja, nami nisingejua.

Nikikuelewa, una picha ambayo ndani ya fremu yake hakuna uongo. Bibi ni yeye, mawe ni mawe, jua ni la jioni ileile. Hukumpanga wala hukumwambia ahuzunike. Lakini picha imekwenda kusema jambo ambalo watu wa nyumba ile wanasema halikuwepo, na sasa inatakiwa ilisemee bonde zima, mbele ya kitabu, chini ya neno Waliobaki. Mwenye sura amesema tumia. Mwanawe amesema hapana. Mjukuu hajasema ndiyo wala hapana, ameuliza swali moja, na naona hilo swali ndilo lililokunyang'anya kamera mkononi kuliko simu ya mjomba.

Niruhusu nikae kwanza na ruhusa, maana wenzako kazini wameifanya nyepesi mno. Kisheria, mara nyingi hakimiliki ya picha huwa ya aliyeipiga, na haki ya mtu juu ya sura yake ni jambo jingine, linalotofautiana nchi hadi nchi. Mchapishaji wako ndiye wa kukuambia anahitaji karatasi gani yenye sahihi. Lakini hukuniandikia kwa ajili ya karatasi. Soma tena maneno ya bibi uliyoyanakili mwenyewe: "mwalimu wa mjukuu wangu hawezi kunifanyia baya." Hapo bibi ameijibu picha, au amekujibu wewe? Mtu anayeshika alama za mjukuu wake amesafiri siku nzima kuja kumwomba jambo. Angesemaje hapana? Sisemi kwamba hakuridhia. Huenda ameridhia kwa moyo wote, na wazee wengi hujua wanachokitaka kuliko sisi tunaowakingia kifua. Ninachosema ni kwamba kwa nusu saa ile, ukiwa na basi linalokungoja, hukuwa na njia ya kujua. Tena ulimwonyesha picha kwenye simu. Je, ulimwambia kwamba kitabu kinaitwa Waliobaki? Ulimwambia picha itakaa juu ya jina hilo? Barua haisemi.

Na mjomba je, ana haki ipi, ikiwa mama yake ni mtu mzima mwenye akili zake? Kuna kisa nakikumbuka kila jambo hili linapozuka. Mwaka 1967, katika milima ya mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani, mtengeneza filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa akimrekodi mchimba makaa ya mawe aliyeketi barazani kwenye nyumba ya kupanga. Mchimba makaa alikuwa amekubali. Mwenye nyumba hakukubali. Alikuja na bastola akamwua O'Connor. La kushangaza wageni wengi ni kwamba watu wengi wa pale walimtetea muuaji. Miaka ile kamera zilikuwa zimemiminika katika milima yao kuonyesha umaskini, na walikuwa wamechoka kujiona wakiwa picha za shida tu. Sikuelezi haya ili kukutisha, na mjomba wako wa simu alizungumza kwa heshima ambayo si kila mtu angekuwa nayo. Nakueleza kwa sababu ya yule mchimba makaa. Yeye alisema ndiyo kwa ajili yake, na ndiyo yake haikuweza kuwasemea waliokuwa wakiishi ndani ya picha ileile bila kuonekana. Bibi anaweza kukupa sura yake. Bonde anaweza kukupa?

Lakini pia hapana ya mjomba isiwe ndiyo pekee yenye uzito kwa kuwa imesemwa na mwanamume kwa sauti iliyotulia. Ukiiondoa picha kwa sababu yake tu, bila kurudi kwa bibi, utakuwa umemwuliza bibi jambo na kisha kuchukua jibu la mwanawe. Hilo nalo lina ladha mbaya.

Sasa niende mahali ambapo ningependa twende polepole. Umeandika "bonde langu". Umeandika kwamba wewe si mgeni. Halafu katika aya ileile umeniambia habari za nyumba ya babu iliyoanguka ukuta baada ya ukuta, na kizingiti ulichokikuta. Kisha ukaniambia picha bora uliyowahi kupiga ni ya mtu aliyeketi kwenye kizingiti cha jengo lililobomoka. Sijui kama umeviona vizingiti hivyo viwili vikiwa karibu namna hiyo. Mimi niliviona nilipoisoma barua mara ya pili. Inawezekana jioni ile hukusimama upande ule kwa sababu ya jua, wala kwa sababu ya kumdharau mtu. Inawezekana ulikuwa unaitazama nyumba ya kwenu.

Kama ni hivyo, huzuni iliyomo kwenye picha ni ya kweli. Ila ni yako. Bibi alikuwa amekaa kupumzika katikati ya kazi ya kubomoa ghala, na mtu anayebomoa ghala lake ili atumie mawe hajabaki nyuma, ana shughuli. Wewe uliondoka mtoto wa miaka 9, ukarudi mtu mzima kutafuta kilichopotea, na anayetafuta kilichopotea hukiona kila mahali. Nami nakuuliza tu, kwa kuwa sikuwepo: katika miaka hiyo 11, kuna milango iliyofunguliwa ambayo hukuipiga kwa sababu haikuingia kwenye jina la kitabu? Milango yenye kufuli umeniambia. Ile ya bati jipya niliisikia kwa mwanafunzi wako.

Usidhani uko peke yako katika hili. Machi 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama akiwa na wanawe katika kambi ya wachuma mazao. Picha ile imekuwa sura ya mdororo wa uchumi wa Marekani. Ilipotoka gazetini pamoja na nyingine za kambi ile, chakula kilipelekwa kwa wenye njaa, kwa hiyo hatuwezi kusema haikufanya kazi. Ila mama mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Lange hakuwa ameandika jina lake. Jina, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana mwaka 1978, miaka 42 baadaye, na alipozungumza alisema angependa asingepigwa kabisa, na kwamba hakufaidika na chochote. Familia yake pia ilikanusha baadhi ya mambo yaliyoandikwa kuhusu siku ile. Lange hakuwa mtu mbaya, na picha ile ni nzuri hadi leo. Nadhani huo ndio ugumu wake. Ingekuwa mbaya tungeiacha tukaenda zetu.

Wewe umepata kitu ambacho Lange hakukipata: mjukuu ameingia darasani kwako miaka minne tu baadaye, akanyoosha mkono. Umeandika kana kwamba ni msiba.

Tuzungumze kuhusu huyo binti, maana hapa siwezi kuwa mpole sana. Mambo ya jalada yana pande nyingi na sitakuchagulia. Mambo ya alama ni mengine. Mwanafunzi alifanya zoezi ulilolitoa, mtu anayemfahamu, mahali pake, na inaonekana amelifanya hasa, maana hata jibu la swali lake mwenyewe ameliweka pembeni mwa fremu: mawe ya ghala yamepangwa. Upeo umeinama, sawa, mnyooshee upeo. Lakini ulinyoosha zaidi ya upeo. Umekiri hivyo mwenyewe. Vyuo vingi vina utaratibu wa kazi kusahihishwa upya na mwalimu mwingine asiyemjua mwanafunzi, na mtu anaweza kuuomba bila kueleza maisha yake yote. Hilo halingoji mhariri, wala halihusiani na jalada. Tena ningeomba lifanyike kabla hujamwuliza lolote kuhusu picha yako. Ukimfuata kwa ushauri huku 54 ikiwa bado ipo, atasikia maneno mawili kwa wakati mmoja.

Mkeo anasema umuulize, na naelewa anakotoka. Ila fikiria binti amesimama wapi. Upande mmoja kuna mjomba, upande mwingine kuna mwalimu, na katikati kuna bibi aliyeshasema ndiyo. Ukimwambia "nisaidie kuamua", umemtwika mzigo wako, tena ukiwa mkubwa wake. Kuna namna nyingine ya kuzungumza naye, nayo ni kumjibu. Alikuuliza swali mbele ya darasa na ukamjibu habari za jua. Unaweza kurudi, mbele ya darasa lilelile, ukasema swali lilikuwa zuri na jibu halikuwa kamili. Huhitaji kutubu machozi. Mwalimu anayesema "nilisimama pale kwa sababu nilikuwa natafuta gofu" amefundisha jambo ambalo mwanga wa pembeni haufundishi. Ni aibu, ndiyo. Nadhani aibu hiyo ndiyo inayoizuia kamera, kuliko hofu ya kitabu.

Kuhusu kitabu chenyewe, naziona njia kadhaa, na kila moja ina shimo lake.

Unaweza kuiacha picha pale ilipo. Si dhambi. Mwenye sura ameridhia, na wako watakaoitazama wakaona heshima na uzee na jioni, wasione gofu. Lakini jalada hukaa mahali maelezo ya picha hayafiki. Ndani ya kitabu unaweza kuandika kwamba hapa ni ghala, na nyumba iko upande wa pili. Kwenye jalada kuna jina lako na neno moja, na neno hilo ndilo litakaloisoma picha kwa niaba ya msomaji. Kwa hiyo kama picha itabaki, labda swali liende kwa jina la kitabu badala ya picha. Je, Waliobaki bado ni jina unaloliamini? Binti na ndugu zake walikuwa wanabomoa ghala siku ile. "Tulikuwa tunalibomoa," alisema. Sijui kama vijana wote wameondoka katika bonde lako, ila huyu alikuwa uani.

Unaweza kuitia ndani, na maelezo yake kamili, na jalada likapata mto au ukungu. Mhariri atanung'unika. Hatari yake ni ya ndani yako zaidi: unaweza kubaki na kinyongo, ukaamini miaka yote kwamba ulipokonywa. Neno "wanipokonye" limo kwenye barua yako, na mtu anayeachia kitu kwa kinyongo huwa hajakiachia.

Halafu kuna njia itakayokupendeza upesi, nami nataka uiogope kidogo: kuweka picha yako na ya binti ukurasa kwa ukurasa, ghala upande huu, nyumba upande ule. Ni wazo zuri. Lina hata asili yake. Katika miaka ya 1970, kwenye milima ileile ya Kentucky niliyoitaja, mpiga picha Wendy Ewald aliwafundisha watoto wa shule kupiga picha, wakapiga familia zao na hata ndoto zao, na mwaka 1985 picha zao zilitoka kitabuni zikiwa na majina yao wenyewe. Mahali palepale ambapo kamera ilikuwa imechukiwa, ikawekwa mikononi mwa waliokuwa wakipigwa. Lakini angalia mikono hiyo ilipewa kamera kabla ya kitabu. Wewe una kitabu kilichokwisha, kina doa, na picha ya mwanafunzi ingekuja kama kitambaa cha kufutia doa. Picha ile ni mali yake. Ikiingia, iingie kwa jina lake, kwa malipo kama mchapishaji anamlipa mtu yeyote, na akiwa huru kabisa kukataa pasipo kukueleza sababu. Uhuru huo ni mgumu kuupata akiwa bado anasahihishwa na wewe. Huenda ingefaa mtu mwingine amuulize, au usubiri amalize masomo.

Na kuna kurudi kwa bibi. Umeshaenda, najua. Lakini ulikwenda kuomba ruhusa ya picha iliyokwisha kupigwa. Mwaka 1948 mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali. Watu walikwenda kwake wenyewe, wamevaa walivyopenda kuonekana, na wakitaka waliazima vitu vyake, saa, redio, hata pikipiki. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Leo picha zile ziko katika majumba makubwa ya sanaa duniani, na hakuna anayesema hazina ukweli kwa kuwa waliopigwa walichagua jinsi ya kukaa. Najua kazi yako ni nyingine, wewe hutembea, hungoji mtu aje studio. Ila nimejiuliza: katika miaka 11, umewahi kumuuliza mtu wa bonde angependa asimame wapi? Na picha ngapi zilizochapishwa kwenye karatasi zimerudi kwenye nyumba zilikotoka? Mama yangu alipigwa picha moja tu maishani, na aliyempiga hakurudi. Sijui hata ilikuwa ya rangi au ya nyeusi na nyeupe. Labda kwa sababu hiyo simu ya bibi ikiwa mbali na macho yake imeniingia kuliko ilivyopasa.

Ukirudi, nenda bila kuomba kitu. Peleka picha ile ikiwa kubwa, kwenye karatasi, umwonyeshe na jina la kitabu likiwa juu yake, mjomba akiwepo kama atapenda. Kaa hadi watu waache kukuita mwalimu. Huenda bibi akasema tena tumia, na safari hii utajua anasema nini. Huenda akacheka akakuuliza mbona hukumwambia avue kile kitambaa cha kazi. Huenda akakwambia hapana, ukarudi na basi la jioni umepoteza jalada. Kitabu kikisogea mwaka mmoja, ni mwaka mzima, sitaki kuupunguza. Umesubiri sana na una haki ya kuumia.

Kamera usijilazimishe kuishika kabla hujawa tayari. Ila ukiishika, kama uko uani kwao na jua linaingia kwenye lenzi, jaribu tu kugeuka.

Mhariri amekupa hadi mwisho wa mwezi. Kwa hesabu ya barua yako, kwenda na kurudi ni siku mbili za basi, na safari hii usipande la kwanza linaloondoka.